Bibi mwenye kizazi kilichotoka nje anaingiza mkono kwenye pampasi kila saa, wenzangu wanasema ni tabia tu. Nyie mnafanyaje?

zamu_ya_usiku

Wadau habari za kazi. Mimi ni nesi kwenye makao ya wazee, sio hospitali, zamu nyingi nesi niko peke yangu na wasaidizi wawili watatu, daktari anapita kwa ratiba yake. Kuna bibi tunaye kizazi kimeshuka na kiko nje kabisa, alikuja nacho hivyohivyo, na kwenye faili lake wameandika mstari mmoja "kizazi kimeshuka" basi, hamna hatua ya ngapi, hamna kama alishawahi kuwekewa pete (ile ya ukeni ya kushikilia kizazi kisishuke) au la, hamna chochote. Umri wake 80 na ushee, kumbukumbu imeondoka sana, sentensi hamalizi ila akikuzoea mnacheka vizuri tu.

Kilichonileta hapa ni hiki. Kila mara anaingiza mkono ndani ya pampasi. Wasaidizi wanaandika kwenye ripoti "anajichezea", zamu hadi zamu neno ni hilohilo, na sasa kwenye kikao mtu katoa wazo anunuliwe ile suti ya zipu mgongoni ili mkono usifike huko. Mimi roho inakataa ila sina hoja ya kuwapa. Nilichokiona mwenyewe nikimbadilisha ni kinyama saizi ya yai la kuku, pinki iliyopauka, upande mmoja pamekauka na pana mchubuko, na jioni kinakuwa kikubwa kuliko asubuhi. Pampasi yake haikauki, unambadilisha sasa hivi muda si mrefu kalowa tena kidogokidogo, na akikaa anakalia tako moja.

Sasa, hicho kinyama nikirudishe ndani au nisiguse? Mtu wa umri huo na hali hiyo ya kumbukumbu anawekewa pete kweli? Na ule mchubuko unapakwa nini, maana mwenzangu mmoja anamwagia poda na mwingine anapaka ile dawa ya zambarau. Familia nao wanauliza habari za operesheni, nabaki kuwaambia nitamuuliza daktari. Karibuni.

SistaMkongwe

Mdogo wangu pole, na hongera kwa kuangalia, maana wengi wanafunga pampasi harakaharaka macho yakiwa ukutani.

Tuanze na mkono. Andika saa anazoingiza mkono na kabla ya hapo alikuwa anafanya nini, fanya hivyo siku kadhaa na wasaidizi waandike hivyohivyo badala ya lile neno lao. Nakuwekea dau utakuta ni pale anapobanwa. Kibofu kikishuka pamoja na ukuta wa mbele wa uke mrija wa mkojo unajikunja, mkojo hautoki au unatoka vitone, mpaka mwenyewe akisukume kile kinyama ndani kwa vidole ndo njia inanyooka. Wanawake kibao wenye tatizo hili wanafanya hivyo chooni miaka nenda rudi na hawamwambii mtu, hata mume. Ikiwa ni ukuta wa nyuma ndo umeshuka basi wanabonyeza ili haja kubwa itoke. Huyo bibi inawezekana alishaanza kujisaidia hivyo kabla hata kumbukumbu haijaanza kuondoka, na mkono unaendelea na kazi yake. Sasa ukimfungia zipu mgongoni umemnyima njia pekee aliyonayo ya kukojoa. Hoja yako ya kikao ndo hiyo.

Na hiyo pampasi inayolowa kidogokidogo muda wote isikudanganye ukadhani anakojoa vizuri. Kibofu kikijaa kupita kiasi kinaanza kufurika chenyewe, pampasi mbichi lakini ndani mkojo umejaa. Mpeleke chooni, akimaliza pima kilichobaki kwa skana ya kibofu, kama hamna azimeni. Ikizidi mililita 150 hivi daktari ajulishwe, ikifika mia tatu mia nne usisubiri ratiba yake mpigie. Kizazi kilichotoka chote kinaweza kuvuta mpaka ile mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, figo zinajaa taratibu na mtu halalamiki chochote, kwa hiyo mwombe daktari apime damu ya figo, na akiona inafaa aombe na ultrasaundi.

Ila usikimbilie ile stiki ya kupimia mkojo kila bibi akichanganyikiwa. Wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo na wala hawaumwi, stiki itabadilika rangi tu, atapewa antibayotiki, ataharisha, na tatizo liko palepale. Kinachonishtua mimi ni homa, maumivu mapya akikojoa, damu, au kuchanganyikiwa kwa ghafla ambako si kawaida yake, na hapo pia kwanza naangalia kibofu kimejaa au la na choo kapata lini.

Halafu fungua chati ya dawa, watu wanapasahau sana hapo. Nishaona wazee wanaolowa hivi wameandikiwa dawa ya kutuliza kibofu, oksibutinini na wenzake. Kwa mtu ambaye mkojo haushuki dawa hiyo inaubana zaidi, inafanya choo kiwe kigumu na inachanganya akili juu yake. Kama imo kodeini, ile dawa ya maumivu, au vidonge vya madini ya chuma navyo vinafunga choo. Na kama ana kikohozi kikavu kisichoisha angalia dawa ya presha, zile zinazoishia na "pril" zinasababisha kikohozi kwa baadhi ya watu, na kila akikohoa anasukuma kila kitu chini. Usisimamishe kitu mwenyewe, mwonyeshe daktari ile orodha na umweleze ulichokiona.

kipanga_mweupe

Mi nilifundishwa kinyama kikitoka nje USIGUSE, weka gozi yenye maji ya chumvi ya hospitali subiri daktari. Ukisukuma ikatokea damu nani atakutetea? Na msaidizi asiye nesi hata asisogee. Tukisema kila mtu arudishe rudishe tu tutaumiza wazee.

kliniki_ya_pete

Kipanga nakuelewa, ila ulichofundishwa ni cha kile kinyama kilichoharibika, sio kila kinyama. Mimi kazi yangu ndo hii, nakaa na daktari wa kina mama, pete naweka na kutoa. Kama ni cha siku nyingi, ni laini, rangi yake pinki, hakimuumi, basi kurudi ndani hakina shida na mara nyingi kikirudi ndo anapumua. Ila kikiwa cheusi au cha bluu, kimevimba na kuwa kigumu, kinauma, kinatoa damu, hakirudi, au bibi hajakojoa kabisa, hapo usishindane nacho. Mlaze, inua kidogo upande wa miguu wa kitanda, gozi iliyoloa maji ya chumvi juu yake isikauke, na daktari siku hiyohiyo.

Namna ya kurudisha: mwambie unachotaka kufanya hata kama unaona haelewi, mlango ufungwe, alale chali magoti yakunjwe, nyonga zikigoma alale ubavu. Glavu, jeli ya kutosha, shika kwa kiganja na vidole vyote usitoboe kwa kidole kimoja, sukuma polepole kuelekea nyuma, yani upande wa mfupa wa mwisho wa mgongo, wengi wanakosea wanasukuma kuelekea kitovuni ndo maana hakiendi na bibi anapiga kelele. Akikaza subiri atoe pumzi. Ujue pia akisimama tu kitashuka tena, kwa hiyo usirudishe ili picha ipendeze, rudisha panapo sababu: kabla ya kumkalisha chooni, wakati wa kulala, na kabla ya kumweka kwenye mashine ya kunyanyulia, maana ile mikanda ya mapajani inasugua palepale na sitashangaa huo mchubuko ulitokana nayo au na mshono wa pampasi. Na msaidizi, hapo kipanga yuko sahihi, asifanye bila kufundishwa na bila kuandikwa kwenye mpango wa huyo mzee.

Kabla ya yote hakikisha kimetoka tundu gani. Sio mzaha, nishaletewa bibi kaandikiwa kizazi kumbe ni utumbo wa haja kubwa, ule una mikunjo ya mduara na uko nyuma. Na asikwambie mtu "alishatolewa kizazi haiwezekani", aliyetolewa kizazi paa la uke linaweza kushuka vilevile, na kibofu nacho.

Mchubuko: poda hapana, zambarau hapana, spiriti ndo kabisa. Vinakausha na hiyo zambarau inaficha rangi usijue kinapona au kinaoza. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa usisugue, vaselini nyembamba kinapogusana na pampasi. Kisha mwombe daktari krimu ya estrojeni ya ukeni, ngozi ya huko baada ya hedhi kukoma inakuwa nyembamba sana na ndo inachubuka. Kawaida inapakwa kila usiku wiki 2 halafu mara 2 kwa wiki. Kama aliwahi kuwa na saratani ya matiti mwambie daktari kabla, uamuzi ni wake. Na damu kwa mtu aliyeshakoma hedhi hata ikiwa tone lazima daktari aone, usimalizie na "ni mchubuko tu", kidonda kisichopona kinakatwa kipande kikapimwe.

Pete sasa. Umri haukatazi hata kidogo. Waganga wa Ugiriki ya kale waliweka nusu komamanga iliyolowekwa kwenye siki, sisi tumebadilisha tu komamanga kuwa silikoni. Pete ya kawaida ndo tunaanza nayo, ikidondoka kwa sababu misuli ya chini imelegea sana kuna ile yenye kishikio inaitwa Gellhorn, inakaa vizuri ila kuitoa ni kazi na inauma kidogo, kwa mtu asiyeelewa unamfanyia nini fikiria mara mbili. Ile ya mchemraba inatolewa kila siku, kwake isahauni. Akiwekewa atembee, akohoe, akae chooni, na asiondoke kabla hajakojoa. Saizi ya kwanza kukataa ni jambo la kawaida.

Swali gumu la pete kwa wazee wa makao ni nani ataikumbuka. Inatakiwa kutolewa, kusafishwa na kuangalia ngozi kila miezi 3 mpaka 6. Iliyosahaulika inazama kwenye nyama na inaweza kutoboa mpaka kwenye kibofu au njia ya haja kubwa. Mtu anahamishwa makao, faili linabaki, miaka inapita, siku moja uchafu unanuka na kila mtu anasema bibi haogi vizuri. Kwa hiyo kama hamjui nani ataandika aina, saizi, tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kurudi kliniki, msimwekee.

Akikataa amekataa. Akibana miguu au akakusukuma mkono hiyo ni hapana hata kama hawezi kuitamka, unaacha, unajaribu saa nyingine na mtu anayempenda akiwa amekaa upande wa kichwa chake. Kama hali ni ya kulazimu basi daktari, familia na nyinyi mnakaa mnaamua kwa maslahi yake na mnaandika, sio nesi wa zamu kuamua saa 10 usiku.

fizio_wa_mitaa

Naongezea kidogo upande wangu. Mtu akishafika hatua ya 4, yani kimetoka chote, mazoezi ya kegel, yale ya kukaza misuli ya chini, hayakirudishi, msimpe familia matumaini ya uongo. Kwa hatua ya 1 na ya 2 yanasaidia na yanataka miezi mitatu minne ya kufanya kila siku, sasa mtu asiye na kumbukumbu humwambii "kaza sekunde kumi mara kumi", hatakumbuka ya pili. Ninachofanya mimi ni kuunganisha na kitu anachofanya tayari, kila anapotaka kusimama namwambia "bibi kaza kama unabana ushuzi, haya twende", anacheka, anakaza, anasimama. Kila msaidizi akisema sentensi hiyohiyo kila mara inaingia.

Lakini faida kubwa kwenu iko chooni. Angalieni kile kiti cha choo, miguu ya bibi inafika chini? Vingi miguu inaning'inia, sasa atatoaje haja bila kujikamua? Weka stuli magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele viwiko kwenye mapaja, mdomo wazi atoe pumzi, asibane pumzi. Mpeleke baada ya chai ya asubuhi maana tumbo linajisukuma lenyewe baada ya kula. Na kwa kukojoa akimaliza asiinuke, ainame mbele, anyooke, asubiri, ajaribu tena, cha pili huwa kinatoka. Choo kigumu mpe maji na dawa ya kulainisha aliyoandika daktari, laktulosi au makrogoli. Msimshindilie pumba za ngano kwa mtu anayekunywa vikombe viwili vya maji kwa siku, zinaenda kukaa kama zege.

Na nyie wasaidizi mnaponyanyua mzee msiseme "bana pumzi moja mbili tatu". Semeni "toa pumzi".

binti_wa_kwanza

Mimi sio nesi, naomba niseme upande wa familia. Mama yangu alikuwa na hii kitu kwenye makao na sisi watoto tulijua kwa bahati, aliongea na dada yangu wakiwa wawili tu bafuni. Kila nesi aliyemuuliza "mama una shida yoyote" alimuuliza sebuleni mbele ya watu, akajibu hamna. Yeye na umri wake aseme mbele ya kijana wa kiume kinachotoka huko chini? Alikuwa hataki kwenda kwenye shughuli za kukaa pamoja tukadhani ni huzuni, kumbe kukaa kunamuuma na anaogopa harufu. Muulizeni mlango ukiwa umefungwa na aulize mwanamke kama mnaye. Kuhusu operesheni tunauliza kwa sababu hamna mtu anatuelezea, sio kwamba tunataka mama akatwe.

kliniki_ya_pete

@binti_wa_kwanza asante, na operesheni nilisahau. Kwa mzee ambaye tendo la ndoa halipo tena kuna operesheni ya kufunga uke kwa ndani, sio mpya, Mfaransa Le Fort aliieleza 1877. Ni fupi, haifungui tumbo, inawezekana kwa ganzi ya mgongoni, na matokeo yake ni mazuri sana kwa wanaofaa. Haina kurudi nyuma, kwa hiyo ridhaa yake inataka maongezi ya kweli, na baada ya hapo mlango wa kizazi hauonekani tena, ndo maana wanachunguza saratani kabla. Zile neti za kushikilia viungo zinazowekwa kupitia ukeni familia wakiwauliza, Marekani ilisimamisha uuzaji wake kwa tatizo hili mwaka 2019 na Uingereza ilishazizuia mwaka mmoja kabla. Mwenye kumbukumbu iliyoondoka hatari kubwa ni kuchanganyikiwa zaidi baada ya operesheni, hospitali ngeni, katheta (mpira wa mkojo), dawa za maumivu. Mimi huwa nawaambia familia tujaribu pete kwanza, ikishindikana mara kadhaa na bibi anateseka tunaongea na daktari wa upasuaji.

zamu_ya_usiku

Nimerudi. SistaMkongwe dau umeshinda, tumeandika masaa na mkono unaingia kila mara akiwa hajapelekwa chooni muda mrefu, na mara mbili nimemkuta chooni amekishikilia kile kinyama hivyo na mkojo unatoka. Skana tumeazima, kilichobaki kilikuwa 280. Nikakirudisha kwanza akiwa kalala, stuli miguuni, akainama, akajaribu mara ya pili, kilichobaki kikashuka hadi 90. Suti ya zipu imefutwa, na kwenye mpango wake sasa imeandikwa akiingiza mkono apelekwe chooni. Daktari kaandika krimu na kampa rufaa ya pete, damu ya figo imeenda. Oksibutinini ilikuwemo kweli!! Imesimamishwa.

Kuna msaidizi mmoja bado ananuna anasema nimemwongezea kazi, kumpeleka chooni mara zote hizo. Nimemwambia ahesabu pampasi anazobadilisha.

Swali la mwisho. Nilipoanza kupekua wengine nimekuta bibi mwingine, faili lina "pete" bila tarehe, aliyemleta hajui, mwenyewe anasema "ya zamani". Hana maumivu, ana uchafu mweupe kidogo. Nijaribu kuitoa mwenyewe?

kliniki_ya_pete

Hapana usivute. Pete isiyo na tarehe unaichukulia ni ya zamani sana mpaka ionekane vingine, na ikiwa imeshaoteana na nyama ukivuta unachana. Mpigie daktari kesho asubuhi, omba kliniki ya kina mama wiki hii, sema waziwazi "pete haijulikani iliwekwa lini". Wao wataangalia kwa spekulamu, kile kifaa cha kufungua uke,, ikiwa imezama wanaweza kumpa krimu ya estrojeni wiki kadhaa ngozi ilainike ndo watoe. Kwa sasa we angalia uchafu ukibadilika rangi au ukinuka, damu, homa, au ukiona mkojo au choo kinapita ukeni, hapo ni siku hiyohiyo. Na muulize bibi aliwekewa alipokuwa anaishi wapi, wazee tarehe wanasahau ila nyumba aliyokuwa anakaa anaikumbuka, kupitia hiyo utapata kliniki na faili lake.

SistaMkongwe

Na aina ya pete waulize wakishaitoa. Za silikoni nyingi zinaoshwa zinarudi, za plastiki nyingi zinatupwa inawekwa mpya, usije ukairudisha kwa kuipenda.